Mstari wa 340

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, nusu saa tu, ikakata. Padri Wilbroad, paroko wa Lugwembe, aliikuta njiani akaja kujibanza barazani kwangu hapa Ipuli. Kumbe alikuwa na lake. Februari misheni inatimiza miaka mia moja, na anataka nisimame mbele ya watu nieleze habari za kompyuta ya mwaka 1985, ile niliyoitumia kuhamisha vitabu vya ubatizo.

"Mama Imakulata, wewe ni historia yetu," alisema.

Nina miaka sitini na saba na magoti mabovu mawili. Kuitwa historia nimekubali. Nimenunua daftari hili nianze kukusanya kumbukumbu mapema, maana zikija zote siku moja jukwaani nitaaibika.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepanda mahindi ya uani. Jua kali.

Jumatano, 13 Novemba

Nilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1977, katika chumba cha kutoboa kadi. Tulikuwa wasichana kumi na wawili, kila mmoja na mashine yake, na kelele yake ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Programu nzima ilikuwa ni kadi, kila kadi mstari mmoja, na ulizibeba kwenye sanduku kwa mikono miwili. Siku ya kwanza niliangusha sanduku ngazini. Kadi mia nne! Nililia palepale. Msimamizi wetu, mzee mmoja asiyecheka, akanionyesha kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu juu ya rundo zima, kutoka kona hadi kona, ili zikianguka uzirudishe kwa kuufuata mstari ule. Tangu siku hiyo sikuacha kuuchora.

Baada ya miaka miwili waliniruhusu kuandika programu mwenyewe. Uliandika kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, herufi moja kila mraba. Kisha ukakaa chini, ukajifanya wewe ndiye kompyuta, ukaipitia mstari kwa mstari na kidole, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na zamu na zamu yako ilikuja mara moja kwa wiki. Ukikosea unangoja wiki nyingine. Leo watu wanakosea mara mia kwa saa moja na hawaoni haya. Sisi tuliona haya. Naikumbuka ile haya kwa upendo, Mungu anisamehe.

Jumapili, 17 Novemba

Misa. Mvua hakuna.

Alhamisi, 28 Novemba

Sasa imeanza kweli. Imenyesha tangu alfajiri na treni ya Kigoma imechelewa. Nimesikia honi yake saa sita badala ya saa moja.

Leo nimekumbuka Lugwembe. Niliolewa na Gerson, karani wa stesheni, akahamishiwa huku nyumbani Tabora, nami nikaacha kazi ya Dar. Nilidhani nimeagana na kompyuta maisha. Enzi hizo kuingiza hata moja nchini kulihitaji kibali cha Serikali. Kisha Bruda Theodor wa Lugwembe, Mholanzi aliyekuwa akisimamia mashine ya kusaga, akapata kibali, na siku moja mwaka 1985 Gerson akaniambia kuna kreti imeshushwa stesheni imeandikwa "usipindue". Nilikwenda kuiona kama mtu anayempokea ndugu.

Ilitumia umeme wa jenereta ya kinu. Jenereta iliwashwa saa tatu, ikazimwa saa sita. Wanawake wakimwaga mahindi mengi kwa mpigo, umeme unashuka, skrini inakuwa nyeusi, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Basi tukakubaliana nao: mimi nikitaka kuhifadhi, nagonga kengele ya baiskeli dirishani, nao wananyanyua mikono kutoka kwenye debe mpaka nigonge tena. Wanawake wale walifanya kazi ile pamoja nasi na hakuna aliyewaandika popote. Nitawataja kwenye hotuba.

Vitabu vilikuwa vimeanza kuliwa na mchwa. Majina elfu sita na mia nne. Tuliyachapa mimi na katekista Kasimiri, kila mmoja peke yake, kitabu kizima mara mbili, kwa sababu kidole cha mtu kinakosea lakini vidole vya watu wawili havikosei mahali pamoja. Kisha programu yangu ikalinganisha, ikabakiza jina moja kwa kila mtu. Mwaka 1991 mchwa walimaliza vilivyobaki, hata vitabu vya kipaimara. Leo orodha yetu iliyochapwa ndiyo kitabu. Kila cheti cha ubatizo kinachotoka Lugwembe kwa watu wa zamani kinatoka humo.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimepata mgeni. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ana kikapu cha maembe, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu."

"Shikamoo mama. Mimi ni Josepha Doto, natoka Lugwembe. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeingiza majina kwenye kompyuta."

Nikamkaribisha ndani, nikamsikiliza. Ameishi na Lukumani, mwenzake, miaka thelathini na moja. Lukumani hakuwa Mkristo, hivyo hawakufunga ndoa kanisani, na Doto muda wote huo hajapokea Komunyo. Pasaka iliyopita Lukumani kabatizwa. Sasa ini lake limeharibika, na anataka wafunge ndoa kabla hajafa. Yeye aliyebatizwa juzi ana cheti kipya kabisa. Doto aliyekulia misheni hana, kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha. Pacha wake, Marcelina Kulwa, yumo. Marcelina kafa miaka kumi iliyopita. Mama yao kafa, na msimamizi wao wa ubatizo vilevile.

"Padri anasema anibatize tena kwa sharti, iwapo sikubatizwa," alisema. "Mimi sikubali, mama. Mama yetu alituambia tulibatizwa siku moja, Kulwa akiwa mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Nikikubali, nimesema marehemu alikuwa mwongo. Nitafutie jina langu kwenye ile mashine."

Nilimwambia mashine ilikufa zamani. Nikamwambia pia kwamba haikuwa na macho ya kumbagua mtu, kilichokuwamo kitabuni kiliingia. "Huenda siku ile ulikuwa unaumwa," nikasema, "akabatizwa mwenzako peke yake. Wazazi wetu walikuwa wanatuficha mengi."

Aliacha maembe akaondoka. Nimeudhika. Mtu anakuja nyumbani kwangu kuniambia kazi yangu ina tundu.

Ijumaa, 13 Desemba

Mvua. Maembe ni matamu, lakini nimewapa majirani.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nilikwenda Misa Lugwembe kwa bajaji. Doto alikuwa benchi la nyuma na mume wake, mtu mrefu aliyekonda, anatembelea fimbo lakini anatembea. Wakati wa Komunyo Lukumani alibaki amekaa naye, ili asikae peke yake. Niliwaangalia mpaka nikasahau kusali.

Jumatano, 8 Januari 2025

Siku ya tatu mvua haijakatika. Nilifungua sanduku la bati kutafuta kitu cha kuwaonyesha watu siku ya jubilei, nikakuta daftari la miraba la mwaka 1985, programu nzima kwa mwandiko wangu. Nilifurahi kama mtoto. Nikachonga penseli. Nikasema nitaipitia kwa kidole kama zamani, na nitatumia mfano wa huyuhuyu Doto, ili nikimaliza nimwambie Padri bila wasiwasi kwamba jina lake halikuingia kwa sababu halikuwapo.

Nikaandika kwenye karatasi: Marcelina Kulwa, baba Joakimu, mama Veronika, kazaliwa 3 Agosti 1971. Chini yake: Josepha Doto, baba Joakimu, mama Veronika, kazaliwa 3 Agosti 1971. Nikaanza. Mstari wa 100, sawa. Mstari wa 200, sawa. Mikono yangu ilikuwa inakumbuka kuliko kichwa.

Mstari wa 340. Baba akiwa yuleyule, mama yuleyule, tarehe ya kuzaliwa ileile: futa wa pili. Pembeni nimeandika kwa Kiswahili, kwa herufi nzuri za mtu aliyeridhika: "Ni yuleyule, kachapwa mara mbili."

Nilirudia mara tatu. Mara zote tatu Doto alifutika.

Jina sikulinganisha, na nakumbuka kwa nini. Mimi nilichapa Josepha, Kasimiri akachapa Yosefa. Mimi Wilbroad, yeye Wilibrodi. Tungelinganisha majina, orodha ingekuwa na kila mtu mara mbili. Namba za kitabu nazo hatukuziamini, kwa sababu saba na moja za mapadri wa zamani zilifanana. Wazazi na tarehe ndivyo vilivyokuwa imara. Mama mmoja, siku moja, mtoto mmoja. Niliona ni akili kubwa. Bruda Theodor alinipongeza kwa mkono.

Yeye alikuwa Mholanzi. Lakini mimi? Katika nchi hii ambako wa kwanza akiitwa Kulwa wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija, nani asiyejua kwamba siku moja huleta wawili? Mimi mwenyewe nyumbani naitwa Shija.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua.

Ninayo nakala ya kaboni ya orodha. Nimeitandaza kitandani, makaratasi marefu yenye vitundu pembeni. Mwaka 1971: namba 214, Marcelina Kulwa. Inayofuata ni 216. Pale pa 215 hakuna kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza, kwa miaka thelathini na tisa.

Kisha nikafanya nililokuwa nakwepa tangu jana. Nilifungua mwaka 1954. Mama yangu alizaa mapacha wavulana kabla yangu, hukohuko Lugwembe. Walikufa kwa surua, wote wiki moja, wakiwa wametimiza mwaka. Nyumbani hawakutajwa. Ngoma ya mapacha wazazi walikuwa wameiacha walipoingia dini, na maombolezo yake wakayaacha pamoja nayo, hivyo hawakuwa na namna ya kuwalilia. Kitu pekee mama alichoniambia ni kwamba wote wawili walibatizwa.

Namba 61, Kasto Kulwa, mtoto wa Petro na Agata. Inayofuata 63.

Nililia. Nimemfuta kaka yangu na sikujua. Hata jina lake la ubatizo silijui, na sasa hakuna popote pa kulisoma.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda Misa. Nimesingizia magoti.

Jumamosi, 18 Januari

Kasimiri amekuja kutoka Kaliua kwa treni, kwa ajili ya maandalizi. Ana miaka sabini na mbili, bado anavaa tai. Nilimwonyesha mstari wa 340. Aliuelewa haraka kuliko nilivyotaka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umemwambia Padri?"

"Bado."

"Usimwambie, dada Shija. Watu elfu sita wameoa, wameolewa, wamezikwa kwa orodha ile. Ukisema ina kosa moja, nani ataamini yaliyobaki? Huyo mama abatizwe kwa sharti, maji hayamuumizi mtu. Jubilei ipite kwanza."

Nilimkasirikia kwa sababu alisema maneno yangu. Nilikuwa nimejiambia hivyohivyo siku kumi mfululizo. Nikampikia, tukala, tukazungumza habari za jenereta na kengele ya baiskeli. Tulicheka, na kicheko kilinichoma.

Alhamisi, 23 Januari

Mahindi yamefika kiunoni. Padri amepiga simu kuuliza kama hotuba iko tayari. Kagusia tu kwamba Doto bado anakataa kubatizwa. Nikasema, "Ni mkaidi," nikakata simu. Nimejichukia.

Jumanne, 4 Februari

Mvua kubwa, daraja dogo la barabara ya zamani ya misafara limefunikwa na maji. Lugwembe haifikiki kwa pikipiki. Nikafurahi kwamba haifikiki. Naandika hili ili nisijidanganye baadaye.

Jumatatu, 10 Februari

Maji yamepungua. Watu wa kwaya wanasema Lukumani sasa hatoki kitandani.

Jumapili, 16 Februari

Jubilei. Jua limetoka kwa siku moja, utadhani liliombwa. Askofu alikuwapo, maturubai matatu, ng'ombe wawili.

Nilikuwa na hotuba mbili mkobani. Moja ilikuwa na mstari wa 340, nyingine haina. Nilipoitwa nilisimama, nikawatazama watu, nikamwona Doto amekaa pembeni ya turubai la wanawake na kanga ya jubilei kama wenzake. Mkono wangu ulichukua ile isiyo nayo. Nilizungumza juu ya kadi, kreti na wanawake wa kinu. Watu walipiga vigelegele. Nilivishwa kitenge, nikapewa cheti chenye fremu: "Kwa Mama Imakulata, mkono uliookoa majina yetu." Doto naye alipiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu akipiga makofi.

Wazee wa kazi yetu tunapenda kusema zamani tulikuwa makini, tulipima kila mstari kwa sababu mashine ilikuwa adimu. Nimeisema hiyo leo mbele ya Askofu. Ni kweli, nilipima kila mstari. Niliupima na wa 340, nikauona mzuri, na sikuwaza hata mara moja juu ya mtu ambaye ungemwangukia. Hilo ndilo sikulisema.

Jumatatu, 17 Februari

Saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini kwa Padri Wilbroad na daftari la miraba, nakala ya orodha, na cheti chenye fremu.

Alidhani nimekuja kushukuru. Nikamwomba penseli. Nikampitisha mstari kwa mstari, kwa kidole, kwa mfano wa mabinti wawili wa Veronika. Alipoona 214 na 216 aliweka kidole pale katikati.

"Kuna wengine?"

"Nimehesabu mapengo thelathini na manane, Baba. Mengine huenda ni namba zilizoliwa na mchwa. Mengi ni mapacha, kwa sababu kabla yake kuna Kulwa."

"Umejua lini?"

"Januari. Tarehe nane."

Yeye ni kijana kwangu, ningeweza kumzaa. Aliniangalia, akaona aibu kwa niaba yangu, akaangalia dirisha. Akaniambia niandike niliyomweleza, nitie sahihi. Niliandika. Akasema ushahidi ule unamtosha; Doto alibatizwa kweli, na ndoa itafungwa Jumamosi nyumbani, kwa kuwa mgonjwa habebeki. Cheti chenye fremu nilikiacha mezani kwake. Alikisukuma nyuma kwangu, nikakisukuma tena, akakiacha.

"Nani atamwambia Doto?" nikauliza.

"Mimi nitamwambia jina limepatikana," alisema. "Mengine ni yako."

Jumamosi, 22 Februari

Mvua ya manyunyu. Ndoa imefungwa chumbani, watu tisa, wengine tumesimama ukumbini. Lukumani walimvalisha shati jeupe kwa kulipasua mgongoni. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Padri aliinamisha sikio lake mpaka mdomoni kwake, akasikia, akatuitikia kwa kichwa kwamba mgonjwa amekubali. Doto alisema kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha akapokea Komunyo. Alifumba macho muda mrefu mno, mpaka mtu akamgusa bega.

Nilikusudia kumwambia leo. Haikuwa siku ya kumwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Lukumani amefariki alfajiri.

Ijumaa, 7 Machi

Tumemzika. Kaburi lilijaa maji, wakawa wanayachota kwa ndoo. Padri alimwita Doto "mjane wake wa ndoa" mbele ya watu wote.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanza kitabu kipya cha Lugwembe, kwa mkono. Padri anauliza jumuiya ndogondogo, watu wanakuja. Waliofutwa wamepatikana kumi na mmoja, saba wako hai. Pale pa 62, mwaka 1954, nimeandika: "Doto, mwana wa Petro na Agata. Jina la ubatizo halijulikani." Mwandiko unasomeka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua zinaelekea kwisha. Nilikuwa navuna mahindi mabichi Doto alipoingia na nguo zake nyeusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alikuja kunishukuru. Amesikia kwamba mimi ndiye niliyelipata jina. Alikuwa ameniletea karanga. Nikamkalisha, nikampa chai, na kabla sijaanza kuogopa nikamweleza yote: kwamba mimi ndiye niliyelifuta, kwa nini, kwenye mstari gani. Nikamwambia alipokuja Desemba nilimjibu kwa kiburi na mama yake hakuwa mwongo.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakuonekana na hasira. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema Februari.

"Tarehe nane Januari," nikasema.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwona anahesabu, wiki kwa wiki, midomo ikicheza.

"Januari alikuwa bado anatembea," alisema. "Tungekwenda kanisani kwa miguu."